Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila mwaka, ifikapo tarehe 27 Septemba, mataifa huadhimisha Siku ya Utalii Duniani, na kila mwaka hotuba zisomwazo siku hiyo hufanana. Hutajwa idadi ya wageni waliofika, hulinganishwa na ile ya mwaka uliotangulia, na ikiwa imezidi watu hupiga makofi. Sisi hatuna ugomvi na makofi hayo. Utalii unaleta fedha za kigeni, unawapa vijana wetu kazi, na unaitangaza nchi kwa watu ambao pengine wasingelisikia hata jina lake. Lakini twaona kwamba hesabu hiyo ni nusu ya hesabu. Wazee wetu walipomkaribisha mgeni hawakusema, "Mgeni njoo tukuhesabu." Walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwa hiyo swali lipasalo kuulizwa siku hiyo, hapa kwetu na kwingineko duniani, ni hili: je, mwenyeji amepona?

Swali hili si dogo, maana jambo lenyewe limekuwa kubwa mno. Mwaka 1950 watu waliovuka mipaka ya nchi zao kwenda kutembea walikadiriwa kuwa milioni 25 dunia nzima. Mwaka 2019 walikaribia bilioni 1.5. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalifunga viwanja vya ndege, na idadi hiyo ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini kufikia mwaka 2024 wasafiri walikuwa wamerudi kuwa bilioni 1.4 hivi. Nchini mwetu watalii kutoka nje mwaka huo walipita milioni 2, na lengo lililotangazwa mwaka 2020 lilikuwa kupata milioni 5 ifikapo mwaka 2025. Hatulitaji lengo hilo kwa nia ya kulilaumu. Twalitaja kwa sababu mtu aliyeambiwa alete idadi ataleta idadi, na asipoambiwa jambo jingine lo lote hataliangalia.

Wataalamu wa mambo haya wana neno lao, nalo ni utalii endelevu. Maana yake si ngumu. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, ilieleza kwamba maendeleo ya kudumu ni yale yanayowatosheleza watu wa leo bila kuwanyang'anya watu wa kesho uwezo wa kujitosheleza. Mwaka 2017 Umoja huo uliutenga mzima uwe mwaka wa utalii wa namna hiyo. Tukiuondolea maneno ya vitabuni, utalii endelevu ni ule ambao nchi, maji na wanyama havichakazwi nao, ambao pato lake linawafikia wakaao mahali pale, na ambao hauwafanyi wenyeji kuwa wageni katika mji wao wenyewe.

Wala asije mtu akadhani kwamba fikira hii imeletwa kwetu na wageni. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko katika mkutano wa Arusha, ambamo aliahidi kwamba nchi yetu itawalinda wanyama wake wa porini kama amana, ili wajukuu wa watoto wetu nao wawakute. Tume ya Bibi Brundtland ilitoa taarifa yake miaka 26 baadaye. Basi tunaposema juu ya utalii endelevu hatusemi lugha ya kuazima. Twakumbushana ahadi.

Sasa na tutazame yaliyowapata wengine, maana mwenye busara hujifunza kwa mwenzake. Mji wa Venice, huko Italia, umejengwa juu ya visiwa vidogo vingi, na kwa karne nyingi ulikuwa mji wa mabaharia na wafanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sehemu yake ya kale ilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walikuwa hawafiki 50,000. Hawakuondolewa na vita wala tauni. Sababu za kuhama kwao ni nyingi, lakini mojawapo iliyo kubwa ni kwamba nyumba zimegeuzwa vyumba vya kupangisha wageni wa siku mbili tatu, kodi imepanda, na duka lililokuwa likiuza mkate linauza vinyago. Mwaka 2021 serikali ya Italia iliziondoa meli kubwa za watalii katika mfereji upitao kando ya mji, na tarehe 25 Aprili 2024 mji ulianza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 katika siku fulani zilizochaguliwa. Hatua hizo twazisifu. Hata hivyo zimekuja baada ya miaka sabini, na ada ya mlangoni haiwezi kumrudisha mwalimu, fundi na muuguzi aliyekwisha kuhamia bara.

Wengine walichelewa pia, lakini walipoamka walikaza mkono. Boracay ni kisiwa kidogo cha Ufilipino chenye mchanga mweupe. Maji machafu kutoka hoteli na nyumba nyingi yalikuwa yakimwagwa baharini, katika bahari ile ile aliyoifuata mgeni kutoka mbali. Mwezi Aprili 2018 serikali ilikifunga kisiwa chote kwa miezi 6, na kilipofunguliwa iliamriwa kwamba watalii wasizidi 19,200 hivi kwa wakati mmoja. Huko Thailand nako, Ghuba ya Maya, iliyopata sifa kwa filamu iliyotolewa mwaka 2000, ilikuwa ikipokea hata watu 5,000 kwa siku, na nanga za mashua zikayaponda matumbawe. Ilifungwa mwezi Juni 2018. Matumbawe yakapandikizwa upya, papa wadogo wakarudi kuogelea karibu na ufuko, na tangu ifunguliwe mwezi Januari 2022 mashua haziingii tena ghubani. Wageni hushushwa upande wa pili wa kisiwa na kuingia kwa zamu. Kila mwaka ghuba hiyo hufungwa tena kwa miezi kadha ili ipumzike, kama vile mkulima anavyolipumzisha shamba.

Yafaa tuulize: katika miezi ile 6 ya Boracay, ni nani aliyelipa? Waliolipa ni mpishi, mfagiaji, dereva wa pikipiki na muuza matunda, ambao hawakuyachimba mabomba yale wala hawakugawana faida yake. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Mwenye mtaji mkubwa hufunga biashara yake hapa akaifungua kisiwa kingine. Mwenyeji hana kisiwa kingine.

Twajua kwamba hapa wako watakaotupinga. Watasema, "Kuweka kikomo ni anasa ya matajiri. Sisi tulio na shida ya fedha tutamfungiaje mlango mgeni aliyekuja na fedha yake?" Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Lakini jibu lake halipo mbali; lipo kwa jirani zetu wa Rwanda.

Katika milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, wanaishi gorila wa milimani. Hesabu ya mwaka 1981 ilikuta wamebaki 250 hivi katika milima hiyo. Rwanda haikuamua kuwaleta wageni wengi kwa bei ya chini. Kila familia ya gorila iliyozoezwa kuonana na watu hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, tena kwa muda wa saa moja tu, kwa sababu mafua ya binadamu huweza kumwua mnyama huyo. Mwezi Mei 2017 kibali cha saa hiyo moja kilipandishwa kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Wako waliotabiri kwamba wageni watakimbia. Wageni wameendelea kuja. Na hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha kuwa gorila wa Virunga wamefikia 604. Basi nchi ndogo isiyo na bahari wala utajiri mkubwa imeweza kupunguza watu, kuongeza pato, na kuzidisha wanyama kwa wakati mmoja. Nani tena atasema kwamba kikomo ni anasa?

Lakini jambo la Rwanda lipendezalo zaidi si bei. Tangu mwaka 2005 sehemu ya pato la hifadhi hutengwa kwa ajili ya vijiji vinavyopakana nazo. Kwanza ilikuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikafanywa asilimia 10. Fedha hiyo imejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji. Sisi twaona bado ni ndogo, ikikumbukwa kwamba ni mkulima wa pale, na si mgeni, ambaye viazi vyake huliwa na nyati usiku. Hata hivyo msingi wake ni wa haki. Mtu anayebeba hasara ya kuishi karibu na mnyama hana budi apate sehemu ya faida ya mnyama huyo. Vinginevyo mtego utategwa, na hakuna idadi ya askari itakayoumaliza.

Namibia imekwenda hatua moja mbele. Sheria yao ya mwaka 1996 iliwapa wakazi wa maeneo ya jumuiya haki juu ya wanyama wa porini walio katika ardhi yao, mradi wajiunge, wachague kamati, waweke mipaka na katiba. Jumuiya 4 za kwanza ziliandikishwa mwaka 1998, na kwa miaka iliyofuata zikaongezeka zikapita 80. Wenye hoteli wanaotaka kujenga humo huketi na wanavijiji, hupatana nao malipo na kazi, wakaandikiana mkataba. Hapa mwenyeji hapewi sadaka mwisho wa mwaka. Anaketi mezani tangu siku ya kwanza, na akiona jambo halifai anaweza kusema hapana. Nasi twaamini kwamba neno hilo moja, hapana, ndilo linalomtofautisha mwenyeji na mtumishi.

Tumetembea vya kutosha ugenini. Sasa na turudi nyumbani, maana kazi ya gazeti si kuwasifu jirani tu.

Tuanze na maji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashiriki ya Zanzibar ulionyesha kwamba mtalii mmoja alikuwa akitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, hali mwanakijiji wa pwani ile ile hakufikia hata lita 50. Sehemu kubwa ya maji ya mtalii hayakunywewa wala kuogewa na mtu. Yalimwagiwa bustani zilizopandwa katika ardhi ya mawe na mchanga. Miaka mingi imepita tangu uchunguzi huo, na hoteli zimezidi kuwa nyingi. Maji matamu ya kisiwa hutoka chini ya ardhi, na yakivutwa kupita kiasi maji ya chumvi huingia mahali pake. Kisima kikiisha kuingia chumvi, hotuba haikirudishi. Wala haifai kusema kwamba haiwezekani kufanya vingine, maana hapo hapo Zanzibar kipo kisiwa cha Chumbe, ambacho matumbawe yake yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Kina nyumba 7 tu za wageni. Maji yake ni ya mvua inayokingwa paani, umeme wake ni wa jua, na baadhi ya walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Watoto wa shule hupelekwa huko kujifunza habari za bahari yao wenyewe. Hatusemi kila hoteli iwe Chumbe. Twasema kila hoteli iulizwe maji yake yanatoka wapi, na yakiisha kuchafuka yanakwenda wapi.

Tuje kwenye kazi. Mgeni anayepanda Kilimanjaro hulipa fedha nyingi, na picha atakazorudi nazo huonyesha theluji na mawingu. Lakini hafiki kileleni kwa miguu yake peke yake. Hema, jiko, chakula na mitungi hubebwa na wapagazi, vijana wetu, juu ya vichwa na mabega yao. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kanuni ni njema; inataka mizani iliyo sawa na msimamizi asiyefumba macho. Na zaidi ya uzito wa mzigo iko haki ya ujira, ya viatu na ya koti la baridi. Safari iliyouzwa kwa bei ya chini mno imepunguzwa mahali fulani, na mara nyingi imepunguzwa katika sahani ya mpagazi.

La tatu ni gumu kuliko hayo, nasi hatutalikwepa. Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 kwa nia ambayo haikuwa ya kawaida: kwamba wanyama, mifugo na watu wakae pamoja katika ardhi moja. Tangu wakati huo watu wameongezeka, mifugo imeongezeka, na wageni nao wameongezeka pamoja na magari yao. Tangu mwaka 2022 maelfu ya wakazi wamehamia Msomera, katika Wilaya ya Handeni. Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari. Wako wakazi na watetezi wao waliosema vinginevyo. Sisi hatuwezi kuikata kesi hiyo katika safu moja ya gazeti. Lakini twasema jambo moja bila kusitasita: mahali po pote ambapo mtu anatakiwa aache ardhi aliyozikiwa babu yake, sauti yake isikilizwe kwanza, isikilizwe kwa subira, na ijibiwe kwa ukweli. Hifadhi inayopendwa na wageni wa mbali na kuchukiwa na majirani wake haina walinzi wa kutosha.

Yako pia yanayompasa mgeni mwenyewe. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba utalii unachangia asilimia 8 hivi ya hewa chafu inayoipasha dunia joto, na sehemu kubwa yake hutokana na usafiri. Joto hilo ndilo linaloyaua matumbawe, na barafu ya Kilimanjaro nayo imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Hatumwambii mgeni asije. Nchi zetu zingeumia. Twamwambia kwamba akija mara moja akakaa siku nyingi, akanunua samaki kwa mvuvi wa pale na akalala penye kuajiri watu wa pale, ametufaa kuliko yule ajaye mara tatu kwa siku mbili mbili, akiwa amelipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege. Fedha iliyolipwa na kubaki ng'ambo haijafika Afrika, hata kama mwenye kuilipa amefika.

Na Korona ilitufundisha fundisho la mwisho. Mwaka 2020 vijiji vilivyokuwa vimeacha jembe na wavu ili kuwahudumia watalii viliamka asubuhi bila mtalii hata mmoja. Waliokuwa bado na shamba walikula. Basi utalii na uwe mguu mmoja wa taifa, usiwe miguu yote. Hoteli na inunue mayai, mboga na maziwa kwa mkulima wa jirani, ili fedha ya mgeni izidi kuimarisha kilimo, wala isikiue.

Twatoa shauri. Siku ya Utalii ijayo, pamoja na idadi ya wageni, zisomwe hesabu nyingine nne mbele ya watu. Ya kwanza, ni kiasi gani cha pato kilibaki katika vijiji vinavyopakana na hifadhi na fukwe. Ya pili, visima vya vijiji hivyo vina maji kiasi gani, na ni matamu au ya chumvi. Ya tatu, wapagazi, wapishi na wafagiaji walilipwa nini. Ya nne, ni mara ngapi wanavijiji waliulizwa kabla hoteli haijajengwa, na ni mara ngapi walisema hapana wakasikilizwa. Hesabu hizo si ngumu kuliko ile ya kuhesabu watu uwanja wa ndege. Zinahitaji tu mtu aliyetumwa kuzitafuta.

Wananchi nao wana wajibu wao. Halmashauri ya kijiji inayouza ufuko kwa siri haiwezi kumlaumu mgeni kwa kukosa njia ya kupita kwenda baharini. Kijana anayevunja matumbawe ili auze vipande vyake anauza chakula cha wanawe. Mvunja nchi ni mwananchi, na mjenga nchi ni yeye yule. Shime basi, na tukutane katika mikutano ya vijiji na ya wilaya, tuisome mikataba kabla ya kuitia sahihi, tuulize maswali hata yakiwa hayapendezi, na tuweke vikomo wakati bado tunaweza kuviweka kwa hiari yetu. Mgeni tutaendelea kumpokea kwa moyo mweupe kama ilivyo desturi yetu. Bali atukute tuna maji kisimani, samaki baharini, na nyumba iliyo yetu.